Intaneti ya Rwabitoke hupakiwa Guangzhou

Saa nane mchana, jua la Guangzhou limeshika bati la ghala na ndani kunanuka jinzi mpya. Vijana wanne wamevua mashati, wanasukuma marobota ya mwisho ya suruali kutoka Xintang ndani ya kontena la futi arobaini.

"Ting! Ting!" anapaza sauti mwanamke mfupi aliyevaa kizibao cha njano, kiganja kimeinuliwa. Anawaambia wasimame, kwa Kichina cha sokoni ambacho hakufundishwa na shule yoyote.

Wanasimama. Mwanamke anapanda ngazi ya alumini, anachungulia juu ya marobota na kupima kwa mkono pengo lililobaki kati ya mzigo na paa la kontena. Anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Anashuka, anakwenda kwenye kona ya ghala na kurudi na maboksi bapa, mawili mawili, ameyafunga kwa fulana za pamba ili yasigongane njiani.

Mwenye kontena ni Ghalib, mfanyabiashara wa nguo kutoka Unguja. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkononi ana chupa ya chai, na anamtazama mpaka boksi la tatu linapoingia.

"Bi Evaline, kontena hili langu mie au la kijiji chenu?"

"La kwako, Sheikh Ghalib. Sisi tunapanda juu tu."

"Haya, pandeni. Ila suruali zangu zisije zikapata mtandao zikakimbia."

Vijana wa Kichina hawajaelewa neno, lakini wanacheka kwa sababu Evaline anacheka.

Ndani ya maboksi yale mna madishi madogo ya kurushia na kupokea intaneti. Yameandikwa kwenye orodha ya mzigo kama bidhaa nyingine na yatalipiwa ushuru Dar es Salaam. Kisha mengi yatapanda basi hadi Karagwe, mkoani Kagera, ambako kuna watu wanaoyasubiri.

Evaline Kokugonza, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, ni mkaguzi wa mizigo katika ghala hili lililoko upande wa Baiyun. Marobota yakitoka kwenye masoko ya nguo ya Shahe na Xintang, au ya mikoba ya Shiling, yeye ndiye anayeyapokea, kuyahesabu, kuyaandika alama ya mwenye mali kwa wino mweusi na kuamua lipi liingie kwanza. Kwa mwezi anapata fedha ya Kichina inayolingana na shilingi milioni mbili na nusu hivi. Karibu nusu yake huishia kwenye kodi ya chumba na chakula.

Hakuja Guangzhou kukagua mizigo. Alikuja kununua mikoba.

"Nilikwenda Shiling nikachanganyikiwa kwa uzuri," anasema huku akijipangusa jasho. "Nikanunua mikoba ya zambarau. Yote zambarau. Niliona ni rangi ya heshima. Kariakoo wakaniambia, dada, hii utawauzia kwaya."

Mtaji ulikatika. Mwenye ghala, ambaye kila mtu hapa anamwita laoban, yaani bosi, alikuwa amechoshwa na ugomvi wa wateja wa Kitanzania waliokuwa wakichanganyiwa mizigo. Alimwona Evaline akisuluhisha ugomvi mmoja pale mlangoni, akamwita ndani na kumpa mkataba. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka kumi iliyopita.

Safari yake ya mwisho kwenda nyumbani ilikuwa mwaka 2019. Kisha ukaja Uviko, mipaka ikafungwa, na Evaline akabaki Guangzhou huku mama yake, Bi. Anatolia, akiwa Rwabitoke na migomba yake.

Rwabitoke ni kijiji kilichojificha nyuma ya mlima. Mtandao wa simu unaishia upande wa pili. Mtu akitaka kupiga simu hupanda mpaka kileleni, na hata huko sauti huja ikikatika. Bi. Anatolia alikuwa ameshapita miaka sabini na magoti yake hayakuutaka tena ule mlima.

Siku moja mwaka 2021, Evaline alipigiwa simu ya video kutoka namba asiyoijua. Alipopokea, alimwona mama yake.

"Amekaa kwenye duka la steshenari mjini Kayanga. Amevaa gauni la kanisani. Nyuma yake watu wamepanga foleni ya fotokopi, wanamsikiliza. Akaniambia, 'Mbona umekonda?' Nikamwambia sijakonda mama, ni simu tu. Akasema, 'Hebu geuka nikuone.' Nikageuka. Nilipomrudia, picha imekwama, mdomo wake uko wazi. Bando limeisha."

Kijana mmoja anamuuliza kitu kuhusu kamba, anamjibu, anarudi kwenye habari yake.

"Baadaye mdogo wangu akaniambia mama aliuza mkungu wa ndizi apate nauli ya bodaboda. Kwenda na kurudi ni elfu kumi. Elfu kumi, ili anione nikigeuka."

Mdogo wake ni Yustina, mwalimu wa sekondari ya kata hapo Rwabitoke. Kwa simu, anasema mama yao hakuwa peke yake katika shida hiyo.

"Majina ya waliochaguliwa kidato cha tano yanatoka mtandaoni," anasema Yustina. "Fomu za kujiunga ziko mtandaoni, mkopo wa chuo unaombwa mtandaoni. Nilikuwa na mwanafunzi, binti mwenye akili sana, alijua amechaguliwa wakati wenzake wameshaanza masomo. Baba yake hakuwa na nauli ya kwenda Kayanga kuangalia tu kama jina lipo."

Wazo lilimjia Evaline akiwa kazini. Kulikuwa na mzigo wa hoteli moja ya kitalii, na kati ya vitanda na mapazia mlikuwa na maboksi bapa asiyoyajua. Alimuuliza mwenye mzigo ni kitu gani. Akaelezwa kwamba dishi moja hufungwa mahali penye intaneti, jingine hufungwa mahali pasipo nayo, na mradi yanaonana bila mlima kati yao, la kwanza linalirushia la pili.

"Nikasema, kumbe! Kama hoteli iko porini na inapata, Rwabitoke imekosa nini?"

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alipanda treni ya chini ya ardhi kwenda Tianhe, kwenye jengo la maduka ya vifaa vya mtandao. Duka la kwanza aliloingia ni la Bi. Liang, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani.

"Mei you," alisema Bi. Liang bila kuinua kichwa. Hakuna. Anauza kwa katoni tu.

Evaline akarudi wiki iliyofuata, akajibiwa vilevile. Safari ya tatu alikwenda na picha kwenye simu yake, picha ya mlima wa nyumbani aliyotumiwa na Yustina. Akaiweka mezani juu ya kikokotoo.

Bi. Liang akavaa miwani. "Hapa ni kwenu?"

"Kwetu. Mama yangu yuko nyuma ya huu mlima."

Dukani kwake, Bi. Liang anaikumbuka siku hiyo vizuri, na Evaline anatafsiri huku akiona aibu kidogo. "Mimi natoka milimani Guangxi," anasema Bi. Liang. "Nilipokuja mjini kufanya kazi kiwandani, mama yangu alikuwa akipanda kilima kupokea simu yangu. Siku za mvua nilikuwa sipigi, nikihofia atateleza. Nilipoona ile picha nikamwambia huyu dada, kaa chini."

Siku hiyo alimfundisha mpaka maduka ya jirani yakafungwa: dishi lielekezwe vipi, nguzo isiyumbe, sola ya ukubwa gani, betri ya aina gani. Evaline alirekodi kila kitu kwenye simu na kumtumia fundi wa sola wa Kayanga aitwaye Respicius, ambaye mjini hapo anafahamika kwa kutokataa kazi ngumu.

Respicius alikwenda kwa kampuni moja ya mjini yenye leseni ya kuuza intaneti. Wakakubali kuwauzia wanakijiji kwa jumla endapo watajiandikisha kama kikundi, na wakampa majina ya vifaa vinavyoruhusiwa nchini. Evaline akanunua vifaa hivyo hivyo kwa Bi. Liang. Dishi moja lingefungwa mjini, la kupokezana kileleni, la kupokea shuleni. Kutoka shuleni, vifaa vidogo vingetawanya mtandao hadi zahanati, kanisani na sokoni.

Fedha aliyonunulia alikuwa ameiweka kwa ajili ya jambo jingine. Mipaka ilikuwa imefunguliwa tena, na ile ilikuwa nauli yake ya kwenda nyumbani.

"Nilimwambia mama, chagua. Nije mimi, au uje mtandao? Akauliza, 'Ukija utakaa muda gani?' Nikamwambia wiki tatu. Akasema, 'Na mtandao?'"

Iliyobaki ilikuwa usafiri. Kusafirisha maboksi peke yake kungegharimu karibu sawa na bei yake. Ndipo Evaline alipokumbuka kitu anachokiona kila siku: kontena la nguo halijai kabisa. Juu ya marobota hubaki pengo, na mwenye mzigo hulilipia likiwa tupu. Akamwendea Ghalib.

"Nilimuuliza ni kitu gani," anasema Ghalib. "Akaniambia ni mtandao wa mama yake. Na mie mama yangu yupo Pemba, kijijini. Ningesema nini?"

Kijiji nacho kilichanga. Waliokuwa na miti walitoa nguzo. Kikundi cha kinamama wa kahawa kilinunua betri. Vijana walibeba saruji mabegani hadi kileleni. Mwishoni mwa Agosti 2023, Respicius aliwasha mitambo, na Yustina akampigia dada yake akiwa ndani ya darasa la kidato cha kwanza.

"Wanafunzi wote wakanisalimia kwa pamoja, 'Shikamoo dada Evaline!'" anasema Evaline. "Nilikuwa juu ya robota la fulana. Nikakaa papo hapo."

Furaha hiyo haikumaliza miezi miwili.

Oktoba, mvua zikiwa zimeshika, radi ilipiga kilele cha mlima alasiri moja. Nguzo ilipasuka. Radi nyingine ililipiga dishi la shuleni na kushuka kwa waya, ruta ikalipuka ukutani na harufu ya plastiki ikajaa ofisi ya walimu. Hakuna aliyeumia. Lakini vifaa vyote viliungua, na betri ya kinamama pia.

Huko Guangzhou, Evaline hakujua kitu. Alipiga, simu haikwenda. Alipiga tena kesho yake. Siku ya tatu Yustina alipanda mlimani kwenye matope na kumpa habari kwa sauti iliyokatika katika.

Maneno yalianza. Kwamba vifaa vilikuwa feki. Kwamba Evaline alinunua vya bei ya chini akatia chenji mfukoni. Yustina aliyasikia kisimani, akayasikia mpaka nje ya kanisa.

"Kuna mama mmoja alinishika mkono akaniambia, 'Mwambie dada yako atutumie na mishumaa,'" anasema Yustina. "Nilicheka, nikaingia ndani nikalia."

Evaline aliingia dukani kwa Bi. Liang akiwa na hasira. Aliweka simu mezani, picha ya nguzo iliyoungua ikiwa wazi.

"Nikamwambia, tazama ulichoniuzia. Nilisema kwa Kiswahili, sikukumbuka hata Kichina. Yeye akachukua simu, akaikuza ile picha kwa vidole, polepole, kutoka juu hadi chini. Kisha akaniuliza, 'Waya wa kuingia ardhini uko wapi?'"

Hakukuwa na waya. Evaline alipompata Respicius, fundi hakujitetea.

"Kosa ni langu, dada," alimwambia. "Shuleni niliamini ethi ya zamani, yaani waya wa ardhini, kumbe ilishakatika. Kule kileleni ni mwamba mtupu, nilichimba nikashindwa nikasema nitarudi. Sikurudi."

Kwenye mkutano wa kijiji, Respicius alimwomba mwenyekiti nafasi na kuyasema hayo hayo mbele ya watu wote. Alisema atafanya kazi ya pili bila malipo. Baadhi walimzomea. Mzee mmoja akauliza kwa nini wachange tena kitu ambacho Mungu mwenyewe amekipiga radi.

Hapo Bi. Anatolia alisimama, kwa kushikilia bega la jirani yake. Yustina alikuwepo.

"Mama si mtu wa mikutano," anasema. "Alisema, 'Mwaka ule upepo ulipoezua bati la kanisa, nani hapa alisema Mungu hataki kanisa? Tulipigilia misumari mingi zaidi. Mimi mwanangu sijamshika miaka minne. Kwa hizo wiki chache nilikuwa namwona kila jioni, ananiambia amekula nini. Mkitaka kuacha, acheni. Mimi ninatoa mkungu.' Akakaa."

Kisha yule mama wa mishumaa akasema naye atatoa debe la kahawa.

Mara hii ilichukua miezi. Bi. Liang aliuza vifaa vipya kwa bei aliyovinunulia na kuongeza vifaa vya kuzuia radi bila kudai kitu. Ghalib alinunua waya wa shaba. Alimwomba mwandishi wa makala haya asiliandike hilo, kisha akataja unene wa waya na mahali alipoupata kwa bei nzuri.

Kwa kuwa mwamba haukuchimbika, Respicius na wanakijiji walishusha mtaro kutoka kileleni hadi kwenye udongo wenye unyevu kando ya migomba, wakalaza shaba humo na kufukia. Juni 2024 mtandao ukarudi.

Novemba ya mwaka huo radi ilipiga tena. Yustina anasema mlio ulikuwa mkubwa kiasi kwamba wanafunzi waliingia chini ya madawati. Mvua ilipopungua, watu walitoka majumbani, wengine wamejifunika majani ya migomba, wakasimama wakitazama kwenye paa la shule, ambako kuna taa ndogo inayoonyesha kama mtambo uko hai.

Ilikuwa inawaka, ya kijani.

"Respicius alikuwa amekuja mbio kwa pikipiki kutoka mjini," anasema Yustina. "Aliiona ile taa akakaa kwenye matope na suruali yake safi."

Leo kaya zaidi ya mia moja za Rwabitoke hutumia mtandao huo. Bei ni shilingi mia tano kwa siku au elfu mbili kwa wiki, na wanafunzi wakiwa eneo la shule hawalipi. Muuguzi wa zahanati hutuma picha za vidonda kwa daktari wa wilaya na kupata ushauri siku hiyo hiyo. Wakulima wa kahawa wanajua bei kabla mnunuzi hajashuka kwenye gari. Mwaka huu, wanafunzi wa Yustina walisoma majina yao ya kidato cha tano ukutani mwa darasa, yakiwa yamemulikwa kwa projekta ya kuazima.

Mambo hayajanyooka yote. Jioni za mpira mtandao unazidiwa, video zinakwama na watu wanamlaumu Yustina kana kwamba yeye ndiye refa. Siku za ukungu mfululizo betri huishiwa chaji kabla ya alfajiri. Wapo pia wasiomudu hata mia tano, na kikundi bado kinabishana wasaidiwe vipi.

Lakini maboksi yaliyopanda leo juu ya suruali za Ghalib si ya Rwabitoke. Mengi yanakwenda Nyakashozi, kijiji cha ng'ambo ya bonde, ambacho watu wake walikuja kwa miguu kuona namna ile shaba ilivyolazwa. Jozi moja itashushwa Dar es Salaam na kuvuka kwenda Pemba, kwa mama yake Ghalib.

Wafanyabiashara wengine wameanza kuuliza. Wiki iliyopita Evaline alisimamishwa Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika, na mnunuzi wa simu kutoka Songea aliyetaka kujua kama milima ya kwao inafaa. Alimwambia alete picha kwanza.

Jumapili mchana, badala ya kupumzika, Evaline huenda dukani kwa Bi. Liang kujifunza kubana vichwa vya nyaya na kupima nguvu ya mawimbi. Anasema vidole vyake vilivyozoea kamba za marobota vilikuwa vizito mwanzoni. Sasa Bi. Liang humwachia wateja na kwenda kula.

"Nataka nirudi nyumbani nifungue ofisi Kayanga, mimi na Respicius," anasema. "Watu wa huku watanitumia vifaa, sisi tutavifunga. Kagera ina vijiji vingi nyuma ya milima. Laoban nimeshamwambia. Alinuna siku mbili, kisha akaniuliza nani atamfundisha mtu mpya kuandika alama."

Tiketi ya Disemba ameshaikata. Safari hii, anasema, hakuna kifaa kitakachoigusa nauli hiyo.

Milango ya kontena inafungwa na kupigwa lakiri. Ni saa tisa alasiri Guangzhou, saa nne asubuhi Karagwe. Simu ya Evaline inaita, na kwenye kioo anatokea Bi. Anatolia, amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake, uso mzima, picha haitetemeki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado. Ndiyo tunamaliza kupakia. Hebu subiri, nigeuke uone kama nimekonda."

"Usigeuke," anasema Bi. Anatolia. "Uso wako nimeshauona vya kutosha. Sasa njoo nikushike."